Zege la saa tatu usiku

Kwa miezi kadhaa nilikuwa na siri, na siri yenyewe ilikuwa inanuka vitunguu. Nikishuka mwendokasi pale Kimara Mwisho, kabla sijapanda bodaboda ya kunifikisha nyumbani, nilikuwa napitia kibanda kimoja cha chipsi chenye kabati la kioo na taa nyeupe ya kuumiza macho. Muuzaji alishaacha kuniuliza nataka nini. Akiniona tu, anavunja mayai mawili. "Mkuu, hoho niweke?" Weka. Nalila zege langu, yaani chipsi mayai, nimesimama, kwa vijiti, nikiwa nimeipa barabara mgongo. Nikimaliza nanawa kwa maji ya kidumu, natupia jojo mdomoni, nakwenda nyumbani kula ugali na mchicha kama mtu aliyeshinda njaa.

Jioni moja binti yangu wa miaka sita alinipokea begi, akaushika mkono wangu, akaunusa. "Baba umekula chipsi." Wala hakuuliza, alitangaza. Mama yake alikuwa anasonga ugali, hakugeuka hata kidogo. Alisema tu, "Na sisi huku tunakusubiri tule."

Nilishawahi kusikia habari za mafuta, za presha, za kitambi. Zote zilinipita. Maneno hayo matano ndiyo yaliyonisuta, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: hivi mtu wa mjini anapokula kitu anachokipenda halafu nafsi ikamsuta, anasutwa kwa kosa lipi hasa?

Neno "kusuta" nimelichagua kwa makusudi. Uswahilini kusutwa si jambo dogo. Wanawake wanakuja mlangoni kwako kwa kundi, na khanga zao, na ngoma ikibidi, wanakuuliza mbele ya mtaa mzima: ulisema, hukusema? Nafsi nayo ikikusuta inafanya vilevile, isipokuwa kundi linakuja kwa ndani na wewe peke yako ndiye unayeisikia ngoma. Ukitaka kujibu vizuri, kwanza uwatambue waliokuja. Mimi nilipowaangalia mmoja mmoja niligundua kwamba wenye kelele zaidi siyo wenye kesi.

Tuanze na kitu chenyewe. Kiswahili cha Dar hakina jina moja la chakula ambacho mtu anakula ili moyo utulie. Kina vitenzi. Mtu anasema anakwenda kujipongeza, kujiliwaza, kujipa raha, kutoa hamu. "Kujipongeza" ndilo linalonifurahisha zaidi, kwa sababu pongezi hutolewa kwa aliyefaulu. Ukimuuliza mtu wa Mbagala au Gongo la Mboto amefaulu nini leo, atakwambia amefika. Ameamka saa kumi alfajiri, amesimama kwenye daladala kwenda na kurudi, bosi amemsema, na bado amefika. Anastahili sahani.

Na sahani zenyewe ni nyingi. Kuna mihogo ya Coco Beach, ya kukaanga, imepasuliwa katikati ikajazwa pilipili na kachumbari, wengine wanaiita chipsi dume. Kuna urojo uliovuka bahari kutoka Unguja, bakuli moja lenye bagia, kachori, viazi na ukwaju. Kuna vipande vya pweza na kikombe cha supu yake kwenye meza ndogo za barabarani jioni, ambapo wanaume wanakula bila kutazamana usoni. Kuna firigisi na vichwa vya kuku kwenye sinia, mishkaki ya jiko la mkaa, koni, ubuyu wa rangi unaoacha ulimi mwekundu. Lakini kama mji huu ungelazimishwa kuchagua chakula kimoja cha kujipongezea, ungechagua chipsi mayai, yaani zege, kiepe yai kwa vijana. Limeitwa zege kwa sababu yai likishaganda linavikamata viazi kama saruji inavyokamata kokoto.

Kwa nini lenyewe? Jibu la kwanza liko kwenye karai. Kiazi cha kuchemsha hakiwezi kupita joto la maji yanayochemka, nyuzi 100 za Selsiasi. Ukikitia kwenye mafuta ya nyuzi 170 au 180, maji ya juu yanakauka, ganda linapanda joto, na hapo sukari kidogo iliyomo inakutana na asidi za amino na kuanza kuzaa rangi ya dhahabu na mamia ya harufu. Mkemia wa Kifaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeeleza mkutano huo mwaka 1912, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Ndio huohuo unaotokea kwenye mshikaki ukiungua pembeni, kwenye ukoko wa mkate, kwenye kahawa inayokaangwa. Ndiyo maana harufu ya chipsi inakukuta kituoni kabla hujakiona kibanda, wakati viazi vya kuchemsha vinakaa sufuriani kimya bila kumwita mtu.

Jibu la pili liko kichwani. Mwaka 2018 watafiti walioongozwa na Dana Small wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapa watu picha za vyakula wakawaacha wavipigie bei kama kwenye mnada. Vilikuwepo vyakula vya mafuta zaidi, vya wanga zaidi, na vyenye vyote viwili. Kalori zikiwa sawa, watu walikuwa tayari kulipa zaidi kwa vile vyenye mafuta na wanga kwa pamoja, na sehemu za ubongo zinazohusika na malipo ya raha ziliitikia kwa nguvu zaidi ya jumla ya hivyo viwili vikiwa mbalimbali. Vyakula vya asili vyenye mchanganyiko huo ni vichache. Maziwa ya mama ni kimojawapo. Sasa fikiria zege: wanga wa kiazi, mafuta ya karai, yai, chumvi, na ukali wa pilipili juu. Hakuna bingwa aliyekaa maabara kulibuni, na bado limepiga palepale.

Jibu la tatu ni saa. Hakuna anayelitamani zege saa tatu asubuhi kama anavyolitamani saa tatu usiku. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 12 wenye afya kwa saa nne tu, usiku mbili mfululizo, kisha wakawalinganisha na walipopewa saa kumi kitandani. Waliponyimwa usingizi, leptini, homoni inayoleta habari za shibe, ilishuka kwa asilimia 18. Ghrelini, inayoleta habari za njaa, ilipanda kwa asilimia 28. Na hamu yao ilielekea zaidi kwenye vitamu, vya chumvi na vya wanga. Vijana 12 ni wachache, sitaki kuujengea ghorofa utafiti huo. Lakini anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi usafiri na kulala saa sita usiku anauishi mwaka mzima. Mtu huyo akisimama mbele ya kibanda ukamwambia akosoe tamaa yake, unamwonea. Mwili wake umeshapiga kura mchana.

Sasa waje wasutaji.

Wa kwanza ni daktari, naye hajaja mikono mitupu. Gramu 100 za kiazi kibichi zina kalori zisizofika 80. Zikishakaangwa, gramu 100 za chipsi zinafika kama 300, kwa kuwa maji yametoka na mafuta yameingia. Sahani yenye robo kilo ya chipsi, mayai mawili, na yale mafuta mengine ambayo muuzaji anamimina kwenye kikaango kabla ya kurusha viazi (kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120), inavuka kalori 1,000 kirahisi. Hiyo ni karibu nusu ya mahitaji ya siku ya watu wengi. Chumvi nayo: Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na hapo hujahesabu chumvi inayomwagwa kibandani, soseji na sosi.

Halafu kuna mafuta yenyewe. Uvumi kwamba wauzaji wanakaangia mafuta ya transfoma za umeme umezunguka miaka na miaka, kila mtu anamjua mtu aliyemjua mtu. Mimi nadhani uvumi huo unatupotezea macho, maana tatizo la kila siku halihitaji transfoma. Mafuta ya kawaida yakichemshwa tena na tena, yakikutana na hewa na maji ya viazi, yanavunjika: yanakuwa meusi, mazito, yanatoa povu lisilotulia, yanafuka moshi mapema. Nchi nyingi za Ulaya zinaagiza yamwagwe pale viambato vilivyoharibika vinapofika kama robo ya mafuta yote. Kibandani hakuna kipimo cha hivyo. Kuna dumu, na dumu ni mtaji. Tanzania inaagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula kutoka nje, bei ikipanda huko inapanda Manzese, na muuzaji asiyeweza kuongeza mia tano kwenye sahani anaongeza siku mbili kwenye mafuta. Kwa hiyo ukitaka kujua afya ya zege lako, usimtazame mpishi usoni, tazama karai. Uone kama chini panaonekana. Na chipsi zikikaangwa mpaka zikawa kahawia nzito, acha: mwaka 2002 watafiti wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa kwa joto kali hutengeneza akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani, na rangi ikizidi kukolea nayo huzidi.

Kwa nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta watu 9 kati ya 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari, na takribani robo wana shinikizo la juu la damu, daktari ana haki ya kuja na ngoma yake. Simbishii.

Ninachombishia ni kwamba yeye ndiye anayesikika moyoni. Angalia asubuhi. Dar nzima inaamkia maandazi, vitumbua, chapati za mafuta, sambusa, na chai yenye vijiko vitatu vya sukari. Andazi limezama kwenye mafuta kama chipsi ilivyozama, tena ni unga mweupe na sukari. Umeshasikia mtu ananong'ona ofisini kwamba leo amekosea, amekula vitumbua? Mchana inakuja wali wa nazi na maharage ya nazi, na tui la nazi limejaa mafuta yaleyale mazito ambayo madaktari wanayaonya. Mlaji anasifiwa kwa kula chakula cha kwao. Hata ugali wenyewe, ule unaosimama upande wa wema, ukitokana na gramu 200 za unga umebeba kalori 700 kabla hujagusa mboga. Kama nafsi ingekuwa inafuata mafuta na kalori, ingetusuta kutwa mara tatu. Haifanyi hivyo. Inachagua.

Msutaji wa pili ni mfuko, na nitampitisha haraka. Zege la elfu tatu, siku 20 za kazi, ni elfu sitini kwa mwezi. Kwa bei ya duka la jirani yangu hizo ni kilo 20 za mchele. Nilipoifanya hesabu hiyo niliketi chini. Ila kwa kijana anayeishi peke yake chumba kimoja Sinza au Tandika, hesabu inageuka: gesi au mkaa, mafuta ya kununua kwa kipimo, nyanya tatu ambazo mbili zitaoza, saa nzima ya kupika wakati amefika nyumbani saa tatu na nusu. Kibanda kinampikia, kinamwoshea vyombo, na kinampa mtu wa kuzungumza naye dakika kumi. Sensa ya 2012 ilikuta mkoa huu na watu milioni 4.36, ya 2022 ikakuta milioni 5.38. Hao milioni moja zaidi wanahitaji kula usiku, na wengi wao hawana jiko la maana. Kumwita kijana huyo mvivu ni kutoijua kodi ya nyumba.

Wa tatu ni mtaa. Huyu ana mdomo. Kuna ule utani wa "wanaume wa Dar", kwamba wa mikoani wanakula ugali wa dona na nyama choma, wa Dar wanakula chipsi mayai na kulalamikia jua. Ni utani, tunacheka, lakini nimeshamwona mtu mzima aliyekuja kutoka Musoma akiagiza zege kwa sauti ya chini kama anayenunua dawa ya aibu. Kwa wanawake mambo ni mazito zaidi. Kwa miaka mingi tumekuwa tukisikia kwenye mikutano na redioni kwamba mabinti wa shule wanarubuniwa kwa chipsi. Chipsi ikageuka jina la mtego, na binti anayekula chipsi kuku akiwa na pesa yake mwenyewe aliyoitolea jasho anatazamwa kama anayedaiwa maelezo. Kosa la mrubunishaji limehamishiwa kwenye kiazi. Hilo silikubali hata kidogo.

Mtaa huohuo ndio uliompa nguruwe majina mengi kuliko mnyama yeyote wa mji huu: kitimoto, mdudu, mbuzi katoliki. Kwa Mwislamu ni haramu na mjadala umeishia hapo. Lakini hata kwa Mkristo aliyepanga nyumba moja na Waislamu, wanaotumia jiko la uani na sufuria za kuazimana, kitimoto kinaliwa nje, kwa staha, mikono ikinawiwa mara mbili. Nayo ina maana yake. Si kila kujificha ni unafiki. Kwingine ni adabu ya kuishi na watu. Mwezi wa Ramadhani migahawa inayofungua mchana inatundika pazia mlangoni, na anayekula ndani anajua pazia lile ni heshima kwa anayepita nje amefunga.

Tofauti hiyo ilinisaidia kuona langu. Mimi sikuwa nimejificha kwa heshima ya mtu. Nilikuwa nimemficha mtu.

Huyu ndiye msutaji wa nne, anayekuja bila ngoma: nyumbani. Mswahili amelelewa kwamba ukiwa na chakula mbele yako na mtu akatokea, unasema "karibu". Hata kama ni kipande cha muhogo. Naye akishiba atajibu "starehe", au "ahsante, nimekula", na pande zote mbili mmesalimika. Neno hilo dogo linazuia jambo kubwa, kwamba mtu asiitwe mchoyo. Kula bila kumkaribisha mtu ni uchoyo, na uchoyo kwetu ni mbaya kuliko ulafi. Mlafi anachekwa, mchoyo anakumbukwa.

Sasa weka kibanda cha Kimara kwenye kipimo hicho. Nimesimama gizani, mgongo barabarani. Mgongo ule ulikuwa wa nini? Nilikuwa namkwepa jirani asije akanikuta nikalazimika kusema karibu, na habari zikafika nyumbani kabla yangu. Zamani hata kubeba kulikuwa na stara: unatumbukiza zege kwenye rambo nyeusi, hakuna anayejua kama ni chipsi au misumari. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, tumehamia kwenye kaki, na kaki haitunzi siri. Inalowa mafuta chini, doa linakua unavyolitazama, harufu inajaza basi zima, na mtoto wa siti ya mbele anageuka kukutazama.

Kuna utafiti unaonisaidia hapa. Mwaka 2011 Jordan Troisi na Shira Gabriel walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba vyakula vya kuliwaza vinashika nafasi hiyo kwa sababu vimefungamana na watu wetu wa karibu: waliokwishapata uhusiano imara na watu, wakionja au wakikumbuka chakula hicho, walihisi upweke umepungua. Walitumia supu ya kuku, kwa kuwa ndiyo ya kwao. Ya kwetu kila mtu anaijua ya kwake. Mimi chipsi mayai yangu ya kwanza niliinunuliwa na baba mdogo, Kariakoo, siku aliyonipeleka kununua viatu vya shule. Alikula vijiti vitatu akaniachia sahani. Kila zege nililokula tangu hapo, kwa namna fulani, nilikuwa namtafuta yeye.

Kwa hiyo mambo yamejikunja hivi: chakula kinakuliwaza kwa sababu kinakukumbusha kula na watu, nawe unakila mafichoni ili watu hao wasikuone. Raha na suto vinachota kisima kimoja. Ndiyo maana vitumbua havisuti. Vinaliwa mezani, kila mtu chake, mama akimimina chai. Zege la gizani lina mafuta yaleyale, ila halina "karibu".

Utaniuliza kama kweli linaliwaza. Majibu yake hayafurahishi. Mwaka 2014 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota liliwaonyesha watu filamu za kuwahuzunisha, kisha baadhi wakapewa chakula walichokitaja wenyewe kuwa cha faraja, wengine chakula kingine, wengine hawakupewa kitu. Baada ya dakika chache wote walikuwa wamepoa kwa kiasi kilekile. Huzuni ndogo ya kawaida inaondoka yenyewe, na zege linajipatia sifa kwa kuwa lilikuwepo pale. Nilipolisoma hilo nilikasirika kidogo, kisha nikakumbuka kwamba dakika zangu nzuri zaidi kibandani zilikuwa zile za kusubiri, nikimsikiliza muuzaji akibishana na dereva wa bodaboda habari za Simba na Yanga.

Na suto lenyewe, je, linatusaidia tupunguze? Huko New Zealand watafiti wawili, Roeline Kuijer na Jessica Boyce, waliwauliza watu kama keki ya chokoleti inawakumbusha hatia au sherehe. Waliojibu hatia hawakuwa na afya bora kuliko wenzao wala nia thabiti zaidi ya kula vizuri, na kwa muda wa mwaka na nusu hawakufaulu zaidi kuushika uzito wao. Walifaulu kidogo zaidi waliojibu sherehe. Mtu anayejisuta anakula harakaharaka, haonji, halafu anasema siku imeshaharibika, aongeze na soda.

Usiku ule baada ya mkono wangu kunuswa nilieleza yote, mpaka bei. Mama watoto alisikiliza akiwa amekunja mikono. Nilitegemea hotuba ya elfu sitini. Badala yake alicheka, akaenda chumbani, akarudi na pakiti ya ubuyu iliyokuwa imeviringishwa ndani ya khanga, nusu imeliwa. "Hii siyo siri," akasema. "Hii ni dawa." Binti akadai chake palepale.

Tukakubaliana Ijumaa zege lije nyumbani. La kwanza lilikuwa msiba: mvuke uliofungiwa kwenye kaki umelainisha ganda lote, chipsi zimelala kama tambi. Mama watoto alilirudisha kwenye kikaango kikavu bila mafuta, akakatakata kachumbari bakuli zima, na sahani yangu ya mtu mmoja ikaliwa na watu wanne. Mimi niliambulia kama theluthi, na yai lote lilikwenda kwa wadogo. Njaa ilinifuata mpaka kitandani, lakini kulikuwa na kelele mezani ambazo sikuzisikia siku nyingi.

Jumanne iliyopita mvua ilinikuta Kimara. Nilijibanza chini ya bati la kibanda, na mkono wa muuzaji ulikuwa umeshafika kwenye trei ya mayai.

"Mkuu, ya kula hapa au ya kubeba?"

Nikafikiri kidogo.

"Fanya mbili," nikamwambia. "Moja ya kubeba. Na hii ya hapa iwe yai moja."